Safari ya Ifakara, Mji wa Kando ya Mto: Homa Anayorudi Nayo Mkazi wa Dar es Salaam

Kila mwaka, mvua za masika zinapoelekea kukoma na mpunga kuanza kuiva katika Bonde la Kilombero, mabasi yatokayo Mbezi hujaa abiria wanaokwenda Ifakara. Wengine huenda kuvuna mashamba ya wazazi, wengine kununua mchele watakaouuza Tandale au Tandika, wengine kuhudhuria harusi, na wengine kuwapeleka watoto kwa bibi wakati wa likizo. Wapo pia wanaopigiwa simu usiku kwamba kuna msiba, wakaondoka alfajiri na nguo walizovaa.

Wengi wa wasafiri hao hawajioni kuwa wageni. Ifakara ni kwao. Wameoga katika mito yake na kula samaki wake tangu utotoni. Kwa mujibu wa ukoo hilo ni kweli. Kwa mujibu wa damu yao, hali ni tofauti. Makala haya yanaeleza kwa nini mkazi wa Kinondoni au Temeke anayekwenda kutembelea mji mdogo wa kando ya mto yumo hatarini kuliko ndugu zake wanaompokea, na nini msafiri na mtoa huduma za afya wanapaswa kufanya ili safari ya furaha, au ya huzuni, isiishie wodini.

Mji na mto wake

Ifakara ni mji wa Wilaya ya Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Msafiri wa barabara hupita Morogoro mjini, Mikumi, Kidatu na Mang'ula, akiwa na Milima ya Udzungwa upande wake wa kulia. Msafiri wa reli huanzia stesheni ya TAZARA, kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, akavuka Hifadhi ya Nyerere kabla ya kufika bondeni.

Kusini mwa mji hupita Mto Kilombero, ambao huko mbele huungana na Mto Luwegu na kuzaa Mto Rufiji. Kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Mahenge alivuka kwa kivuko, na mwezi Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa mwaka 2018, na adha ile ikakoma. Karibu zaidi na makazi hupita Mto Lumemo, ambao mvua zikizidi hufurika hadi mitaani.

Bonde lenyewe ni tambarare kubwa inayofunikwa na maji kila msimu, na tangu mwaka 2002 limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maji hayo ndiyo baraka ya bonde: yanaleta rutuba, mpunga, perege na kambale. Maji hayohayo, yanapotuama katika majaruba na kwenye nyayo za ng'ombe, ndiyo mazalia ya mbu waenezao malaria.

Wataalamu wa afya wanaijua Ifakara kwa sababu nyingine pia. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha hapo maabara ndogo ya utafiti, karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliohesabu mbu katika kijiji cha Namawala, jirani na mji huo, walikadiria kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni kama kuumwa karibu kila usiku.

Hali imebadilika sana tangu wakati huo. Kuanzia mwaka 1997 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa uwanja wa mradi wa kusambaza vyandarua vyenye viuatilifu, vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa vyandarua hivyo vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Hata hivyo malaria haijaondoka bondeni. Aina ya mbu iitwayo Anopheles funestus, ambaye hupenda kuingia ndani na kuuma usiku wa manane, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi siku hizi.

Kwa nini mgeni huugua zaidi

Mtu anayeishi mahali penye malaria nyingi na kuumwa mara kwa mara hujenga kinga kidogo kidogo. Kinga hiyo haizuii vimelea kuingia mwilini, ila hupunguza makali yao. Ndiyo maana mtu mzima wa Ifakara anaweza kuwa na vimelea katika damu na bado akaamka kwenda shambani.

Kinga ya namna hii haikai milele. Inahitaji kukumbushwa na maambukizi mapya, na mtu akihamia mahali pasipo na malaria nyingi hupungua. Dar es Salaam ya leo ni mahali pa namna hiyo. Jiji hili limepigana na mbu kwa muda mrefu: kati ya mwaka 1988 na 1996 Serikali ya Japani ilisaidia mradi wa kudhibiti malaria mijini, Dar es Salaam na Tanga, uliohusisha pia usafishaji wa mifereji, baadaye, kuanzia mwaka 2004, jiji likaanzisha mpango wake wa kuangamiza viluwiluwi katika madimbwi ya kata zake. Nyumba zimepata nyavu madirishani, na maeneo mengi yaliyokuwa mabwawa yamejengwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria katika takriban asilimia 8 ya watoto wadogo waliopimwa nchini, lakini Dar es Salaam kiwango kilikuwa chini mno kuliko wastani huo.

Mafanikio haya yana upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa Mbagala au Bunju, akafikisha miaka minne bila kuugua malaria hata mara moja, hana kinga yoyote. Mama yake, aliyekulia Ifakara lakini akaishi jijini miaka kumi, amebaki na kinga hafifu. Wote wawili wakilala usiku mmoja katika nyumba isiyo na chandarua, wanaweza kuugua vikali, ilhali binamu waliolala nao mkeka mmoja wasipate hata homa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Huwatazama wenyeji, wakawaona wazima, wakahitimisha kuwa hakuna hatari.

Mfano wa kutafakari

Tuchukue mfano tuliotunga, lakini unaofanana na mengi yanayoonekana katika vituo vyetu. Mama wa Mbagala anafiwa na baba yake huko Ifakara. Anasafiri na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa. Nyumba imejaa waombolezaji. Watu wazima wanakesha nje kwenye turubai. Watoto wanalazwa sebuleni kwenye mikeka. Vyandarua vilivyopo ni viwili, na wamepewa wazee. Baada ya siku tisa wanarudi Dar es Salaam.

Siku kumi na mbili baadaye mtoto mdogo anachemka mwili na kukataa chakula. Mama anampeleka kwenye zahanati ya karibu. Mtoto ana mafua kidogo, mtaani kuna watoto wengi wenye mafua, na kwa miezi kadhaa zahanati haijaona kipimo cha malaria kilichotoa majibu chanya. Anapewa dawa ya kushusha homa na ya kuua bakteria, anarudishwa nyumbani. Usiku wa siku ya tatu mtoto anapata degedege. Jirani mmoja anashauri apelekwe kwa mganga, kwa kuwa, anasema, mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Shangazi mtu anakataa, anakodi bajaji, na kumkimbiza mtoto kituo cha afya.

Muuguzi aliyempokea anauliza swali moja: “Mama, pole sana. Katika miezi mitatu hii mmesafiri nje ya Dar es Salaam?” Mama anajibu: “Ndiyo, dada. Tulikwenda kumzika baba.” Ndani ya dakika ishirini kipimo kinaonyesha malaria. Mtoto anaanzishiwa sindano ya artesunate, anaangaliwa sukari na wingi wa damu, na anapona. Swali hilo lingeulizwa siku tatu mapema, mtoto angetibiwa kwa vidonge na kulala kwao.

Mama yule hakuficha safari. Hakuulizwa, na hakujua kuwa msiba wa baba yake ni habari ya kitabibu.

Kabla ya kuondoka

Msafiri abebe chandarua chake chenye viuatilifu, pamoja na kamba na misumari michache. Katika nyumba ya msiba au harusi vyandarua havitoshi kamwe, na si ustaarabu mgeni kumnyang'anya mwenyeji wake. Anayebeba cha kwake humpunguzia mwenyeji mzigo.

Mama mjamzito ahakikishe hajakosa mahudhurio ya kliniki na kwamba amepata dawa ya SP kwa wakati wake, ambayo hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito inapopita. Mjamzito anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya maambukizi ya VVU hapewi SP, hivyo amweleze mhudumu dawa anazotumia. Mwenye selimundu amwone daktari wake kabla ya safari ili kuhakikisha anazo dawa za kinga alizoandikiwa, kwa kuwa malaria kwake yaweza kuleta upungufu mkubwa wa damu kwa muda mfupi. Kama safari inaweza kuahirishwa, mwanamke mwenye mimba na mtoto mchanga hufaa zaidi kusafiri wakati wa kiangazi.

Mkiwa huko

Chandarua kitandazwe kabla ya giza kuingia na pindo zake zichomekwe chini ya godoro au mkeka. Watoto walale ndani yake hata kama ni sebuleni. Wanaokesha nje wavae nguo za mikono mirefu, wajifunike miguu kwa kitenge au shuka, na wapake dawa ya kufukuza mbu. Wanaokwenda kulala shambani, katika madungu ya kuamia ndege, wachukue chandarua hadi huko. Wakulima wa bonde hili wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi.

Mto nao una hatari zake. Mbali na mamba na viboko, maji yaliyotulia yenye konokono hubeba vimelea vya kichocho, vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kucheza humo. Watoto wa mjini huvutiwa sana na maji, na katazo pekee halitoshi. Inafaa mtu mzima awe nao. Maji ya mto yakitekwa na kuachwa katika chombo kwa siku mbili, vimelea vya kichocho hufa na maji hayo yanafaa kuogea. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hasa nyakati za mafuriko, vyoo vinapofurika na kipindupindu kuwa karibu.

Katika nyumba za udongo za zamani, anayelala sakafuni anaweza kuumwa na papasi, kupe laini ajifichaye katika nyufa na kutoka usiku. Papasi huleta homa inayopanda, ikatulia siku kadhaa, kisha ikarudi. Geigy mwenyewe alimchunguza sana mdudu huyu. Nyumba za matofali na sakafu ya saruji zimempunguza, lakini hajatoweka.

Mkisharudi

Dalili za malaria kali ya kwetu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kuumwa, na huweza kuchelewa hadi wiki kadhaa. Kwa hiyo homa yoyote inayompata mtu ndani ya miezi mitatu tangu arudi ihesabiwe kuwa ni malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo. Afike kituoni siku hiyohiyo, na neno lake la kwanza kwa mhudumu liwe: “Nilikuwa safarini.” Ataje alikokwenda, tarehe aliyorudi, na kama alilala ndani ya chandarua.

Asinunue dawa dukani kabla ya kupimwa. Akikutwa na malaria akaandikiwa dawa mseto, ameze dozi zote sita kwa siku tatu, ya pili ikifuata saa nane baada ya ya kwanza, pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta husaidia dawa kufyonzwa. Vidonge havigawanywi kwa ndugu mwingine mwenye homa, naye apimwe.

Dalili zifuatazo hazingoji mapambazuko: degedege, usingizi mzito au kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida, viganja kupauka, macho kuwa ya manjano, au mkojo mweusi kama rangi ya kahawa. Mwenye degedege hafi kwa kuchomwa sindano. Kinachoua ni saa zinazopotea kabla ya sindano hiyo.

Aliyeingia mtoni apime mkojo na choo miezi miwili au mitatu baadaye, hata kama hana dalili. Akiona damu katika mkojo asione aibu. Kichocho hutibika kwa prazikwanteli.

Kwa mtoa huduma

Kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, nchini Japani, kuna miji midogo iliyokaa kando ya mito kama Omono wa Akita na Mogami wa Yamagata. Huko, wakulima waliofyeka nyasi katika kingo zilizofurika waliugua kila kiangazi homa kali iitwayo tsutsugamushi, inayoletwa na wadudu wadogo jamii ya utitiri. Kabla ya dawa za kisasa iliua wengi. Leo inatibika kwa dawa za kawaida kama doksisaiklini, kwa sharti kwamba daktari aiwazie. Homa hiyo hufanana na homa nyingine nyingi, hivyo daktari humuuliza mgonjwa alipita wapi, kisha humkagua mwili mzima kutafuta gamba dogo jeusi pale mdudu alipouma. Ni nchi tajiri yenye maabara nzuri, na bado swali la “ulikuwa wapi?” ndilo linalofungua mlango wa tiba.

Kwetu sisi swali hilo lina uzito zaidi kadiri malaria inavyopungua jijini. Mhudumu aliyeanza kazi Dar es Salaam wakati malaria ilikuwa kila mahali aliifikiria bila kuambiwa. Anayeanza leo anaona mafua, maambukizi ya njia ya mkojo na, katika miaka ya mlipuko, dengue. Mlipuko wa mwaka 2014 uliigusa sana Kinondoni, na ule wa 2019 ulilisumbua jiji zima. Homa ya msafiri inaweza kufichwa na lolote kati ya hayo, na mgonjwa anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, swali la safari liulizwe kwa kila mwenye homa na jibu liandikwe kwenye faili, hata kama ni “hapana”. Lisiulizwe kwa neno “safari” tu, maana wengi hudhani safari ni kwenda nchi za nje. Mtu aulizwe kama alikwenda msibani, harusini, shambani au kijijini. Pili, kipimo cha haraka kikiwa hasi kwa mtu aliyesafiri na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya siku moja au mbili, na damu itazamwe kwa hadubini. Hadubini huweza pia kuonyesha vijidudu vya homa ya papasi, ambavyo kipimo cha haraka cha malaria hakivioni. Tatu, kipimo cha haraka huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona; aliyetibiwa malaria Ifakara akarudi na homa mpya apimwe kwa hadubini kabla ya kupewa dozi nyingine. Nne, akipatikana mgonjwa mmoja, waitwe wote waliosafiri naye. Katika mfano wetu, mtoto wa miaka tisa alikuwa bado nyumbani, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kama kichwa kinamuuma.

Hitimisho

Hakuna sababu ya kuwaogopesha watu wasiende kwao. Mzazi anahitaji kuzikwa na wanawe, bibi anahitaji kuwaona wajukuu, na mchele wa Kilombero hauna budi kufika Tandale. Taasisi iliyoanzia Ifakara imetufundisha mengi kuhusu namna ya kuishi karibu na mto bila kuuawa na mbu wake, na wenyeji wamejifunza. Sisi tuliohamia jijini ndio tuliosahau.

Msafiri abebe chandarua anapokwenda, na abebe habari ya safari yake anaporudi. Mhudumu naye, hata kama foleni ni ndefu na jua limeanza kuzama, asimwachie mgonjwa mwenye homa aondoke kabla ya kumuuliza: ulikuwa wapi?